Teke la Mawimbi

Bernadina hakuwa na subira na watu wa kuzungusha maneno. Kwao Endamarariek mtu akiungua alisema nimeungua, hakuanza kwanza kukuuliza mahindi yameotaje. Lakini kazi ilimpeleka kuwa nesi mkunga kwenye zahanati ya Wamaasai, juu kule kwenye ukungu wa Ngorongoro, na huko alijifunza, kwa kusaga meno, kwamba habari haziulizwi zikajibiwa. Zinaliwa. Msemaji anaanza na mema yote, moja moja: ng'ombe, mbuzi, mvua, wazee, watoto. Msikilizaji anaitikia "ee" kila kipande, kama anayemeza. Ubaya, kama upo, unakuja mwisho kabisa, nyuma ya neno "ila". Ukiutanguliza, umeukaribisha nyumbani.

Asubuhi hiyo ya masika, mwaka wa vita vya Kagera, ubaya ulikuwa umelala chumba cha pili. Nosim, mke wa Tajewo, alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na mkono wake mdogo ndio uliotangulia kutoka. Bernadina alijaribu kila alichofundishwa na vingine alivyojifundisha mwenyewe. Wapi! Kilichobaki kilikuwa kisu cha daktari, na daktari alikuwa Karatu, na Landrova ya kumbebea mgonjwa nayo ilikuwa Karatu.

"Kumpasua?" Mzee Ngoyai, baba mkwe wa Nosim, alisimama mlangoni na fimbo yake. "Mke ni wa Tajewo. Tajewo hajasema, hakatwi mtu."

"Mzee, baba yangu, huyu binti atakufa."

"Basi mwite Tajewo kwenye hicho chombo chako. Akisema ndiyo, nami ndiyo."

Angalau hilo liliwezekana. Tajewo alikuwa mlinzi wa gereji huko Karatu, ukuta kwa ukuta na hospitali, na chombo alichokisema mzee kilikuwa redio ya upepo, ya kuitana na hospitali hiyo. Shida ilikuwa betri. Jenereta ya kuichajia ilikuwa imekaa kimya muda mrefu, maana dizeli yote ilikwenda vitani, na mshale wa betri ulikuwa umelala karibu na alama nyekundu.

Waya wa antena ulifungwa na Wilibrodi, kaka yake Bernadina, mwalimu wa fizikia, mtu asiyeweza kupiga msumari bila kuuhubiria. Siku alipoufunga alimwonya.

"Kusikiliza hakuli betri, dada. Kusema ndiko kunakokula. Unalikumbuka gobori la baba?"

Nani asilikumbuke? Baba akifyatua, nguruwe wa shambani anakimbia salama, baba anavimba bega.

"Basi, kwenye ule waya kuna chembe ndogo ndogo za umeme. Ukisema, redio inazitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka zinatoa mawimbi yanayofika Karatu. Lakini wimbi haliondoki bure. Likitoka linaipiga teke chembe iliyolitoa, kama gobori na bega. Chembe inapunguza mwendo, redio inaisukuma tena, na nguvu ya kuisukuma inatoka kwenye betri. Hata ukinyamaza, ilimradi umebana kitufe, mawimbi yanatoka na mateke yanaendelea."

Halafu akacheka peke yake. "Na hesabu ya teke hilo ina wazimu. Ukiifuata mpaka mwisho, inakwambia chembe inaanza kushtuka kabla haijasukumwa!"

"Nyie mliosoma mna kazi," Bernadina alimwambia, naye akacheka.

Sasa hakucheka. Alibana kitufe, akasema maneno machache kadiri alivyoweza. "Karatu, Karatu. Niitieni Tajewo wa gereji, upesi. Baba yake anataka kusema naye. Ova."

"Sawa, nesi, anaitwa." Huyo alikuwa Bartolomeo, mpokeaji wa Karatu. "Kuna nini huko? Ova."

Bernadina akautazama mshale. Ulikuwa umeshuka. Akaona kueleza mara mbili ni ufujaji. Tajewo akifika ataeleza mara moja, kwa pumzi moja, ugonjwa na ruhusa na gari. Kwa hiyo hakumjibu. Aliubania ubaya kama mtu anayebania chumvi ya mwisho, na ubahili huo ulikuja kumtafuna maisha yake yote.

Tajewo alifika redioni anahema. "Baba? Niko hapa. Ova."

Bernadina akanyoosha mkono. Mkono wa Mzee Ngoyai ukawahi, ukachukua kipaza sauti.

"Habari za boma langu hazisemwi na mgeni."

"Haya, sema wewe, mzee wangu. Lakini sema moja tu! Sema Nosim anakufa, akubali apasuliwe, walete gari. Betri inakwisha!"

"Haraka haraka haina baraka," mzee alisema kwa Kiswahili, akimkejeli.

Angeweza kumpokonya. Alilifikiria hilo baadaye, akalifikiria tena. Lakini mzee akiudhika angembeba mkwe wake akamrudisha bomani, na hapo yangekuwa yamekwisha. Akashika ukingo wa meza. Ngoyai akavuta pumzi, na kabla hajatamka hata silabi moja, moyo wa Bernadina ukaruka kama umepigwa.

"Tajewo," mzee alisema kwa Kimaasai, sauti yake nzuri, ya kikaoni. "Hatujambo."

Akangoja "ee" yake. Kidole kimebana kitufe.

"Achia, mzee! Achia ndipo umsikie!"

Akabana zaidi, kama anayekamua ng'ombe mgumu, akakifumbata kipaza sauti mdomoni sauti ya mwingine isipenye. "Ng'ombe hawajambo. Yule mwekundu amezaa." Akangoja. Mshale unashuka. "Mvua imenyesha, majani yapo." Akangoja tena. "Mama yako hajambo. Watoto wa boma hawajambo."

"Baba, nakuomba, kwa jina la Mungu!" Bernadina alikuwa amemshika mkono sasa, heshima ameitupa huko. Na Ngoyai, ambaye uso wake ulikuwa umelowa machozi, maana hakuwa mtu mbaya, hakuwa hata kidogo, alimtazama kama anayemwambia nafika sasa hivi, ngoja kidogo tu.

"Ila," akasema.

Taa nyekundu ya redio, ya kuonyesha sauti inatoka, ilikuwa imeshazimika.

Bernadina akakwapua kipaza sauti, akabonyeza, akaachia. Ile mashine ikakoroma kidogo, na kusikiliza, kusikokula betri, kukabaki. Sauti ya Tajewo ikaingia safi, kama yuko mle chumbani.

"Ee, baba! Ee! Nimezila zote! Nilidhani balaa, nimekimbia roho mkononi, kumbe ni salamu! Nimefurahi sana. Nosim nisalimieni. Mwambieni blanketi la mtoto nimelipata, jekundu. Nikipewa ruhusa nakuja. Ova."

Bartolomeo naye akadakia akicheka. "Nesi, umetutia presha bure! Haya, Karatu tunafunga."

"Bartolomeo! Gari! Leteni gari!" Bernadina alibonyeza mpaka ukucha ukavunjika. Hakuna kilichotoka, na waya ule juu haukumpiga teke mtu.

Kutoka chumba cha pili ikasikika sauti ndogo. "Ee."

Ilikuwa ya Nosim. Alikuwa ameisikia sauti ya mumewe, anaitikia habari.

"Umemuua," Bernadina akamwambia Mzee Ngoyai. Alilisema hivyo hivyo, usoni, na papo hapo akalikumbuka swali la Bartolomeo, lile aliloliacha bila jibu. Mzee hakubisha. Alisema, "Wamkate. Nimekubali. Wamkate," akairudia ruhusa yake ambayo haikuwa na pa kwenda. Wakamtuma Moloimet, kijana mwenye mbio kuliko wote, akimbilie barabara kuu kwenye matope. Kabla mchana haujageuka ilibidi atumwe mwingine kwenda kumrudisha. Nosim alikuwa amekufa, na mtoto tumboni.

Tajewo alipata ruhusa yake wiki iliyofuata. Bernadina alikuwa uani akianika mashuka alipomwona anapanda kilima, blanketi jekundu begani, anapiga mluzi. Mzee Ngoyai, ambaye kila siku alikuja kuketi pale njiapanda ya zahanati asimwambie mtu kwa nini, akainuka akamkabili. Tajewo akainama, mzee akamgusa kichwa.

"Tajewo. Hatujambo."

Kijana akacheka. "Hizo si nilishazila kwenye redio, baba?"

"Hukuzimaliza."

"Ee," Tajewo akasema, bado na tabasamu.

"Ng'ombe hawajambo."

"Ee."

"Majani yapo. Mama yako hajambo."

"Ee."

"Watoto wa boma hawajambo."

Tajewo hakuitikia. Aliutazama mlango wa zahanati, akamtazama Bernadina na shuka lake mkononi. Blanketi likamteleza begani, akawa anakaa chini kwenye matope polepole, na baba yake hata hajafika kwenye "ila".

Bernadina akageuza uso. Nyuma yake mzee alilisema lile neno, kisha akanyamaza, kwa sababu Mmaasai hataji jina la aliyekufa.