Gari Halimjui

Siku muuguzi alipoukosa ufunguo wa gari, hakujiuliza kauweka wapi. Alijiuliza nani kauchukua, na jibu alikuwa nalo hata kabla hajamaliza kuukung'uta mkoba wake juu ya kitanda. Mkoba huo ulishinda jana yake ukining'inia kwenye msumari wa sebuleni, naye amelala fofofo baada ya zamu ya usiku. Sebuleni alikuwepo wifi yake, ameinamia cherehani kutwa nzima.

Walikuwa hawaivi tangu wifi huyo ahamie pale pamoja na mama yake mzazi. Mume wa muuguzi alikuwa ng'ambo, akifunga vyuma kwenye majengo marefu, akawaachia mke, dada na mama nyumba moja na gari moja. Gari lilikuwa la muuguzi, alilinunua kwa jasho lake. Hapo mwanzo alimwazima wifi yake, likarudi limekwaruzwa ubavu mzima, na wifi hakusema kitu. Aliliegesha tu, upande wenye mkwaruzo ukitazama ukuta. Tangu siku hiyo muuguzi hakuuacha ufunguo nyumbani hata mara moja. Hata zamu za usiku, ambazo gari la hospitali huwafuata wafanyakazi majumbani, lake alilifunga uani na ufunguo akaondoka nao.

Alitoka chumbani amevaa kiatu kimoja.

"Wifi, nipe ufunguo wangu. Nimechelewa kazini."

Wifi hakuuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Ufunguo gani?"

"Unaujua."

Basi zogo likazuka. Muuguzi alimwambia kwamba mkono mrefu umemzidi, kwamba mtu anayekaribishwa angalau aibe vitu vya jikoni. Wifi akajibu kwamba hajakaribishwa na yeye, yupo nyumbani kwa kaka yake, na kwamba gari lile hata angepewa bure asingelitaka, maana lina roho mbaya kama mwenyewe. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake dirishani na miguu iliyovimba imenyanyuliwa juu ya kigoda, aliwaomba wapunguze sauti. Hakuna aliyemsikia.

Ufunguo wa akiba ulikuwa wa kusimuliwa tu. Mumewe alimwambia zamani kwamba alisafiri nao kwa bahati mbaya, umo kwenye mfuko wa koti lake la baridi, ataurudisha akija likizo.

Muuguzi akapiga simu kazini kuomba radhi, kisha akamwita mchonga funguo wa pale njia panda. Mzee yule alikuja na tupa zake, akaifungua kufuli ya mlango wa gari, akapima, akachonga, akajaribu. Mlango ulifunguka. Muuguzi akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo mpya. Gari lilinguruma, likakohoa, likazima. Kwenye dashibodi taa nyekundu ndogo ikawa inakonyeza. Alijaribu tena na tena, na kila mara lilikufa vilevile.

"Umechongewa kijiko," alisema wifi, aliyekuwa amefika uani na beseni la mashuka ya kuanika.

Mchonga funguo hakuona aibu kueleza kwamba gari hilo si la tupa, linataka mtu mwenye kompyuta, na akatoa namba ya mtu huyo.

Fundi aliyekuja alikuwa mnene, mwenye sauti kavu na haraka ya mtu anayesubiriwa kwingine. Kabla hajafungua begi lake alidai kadi ya gari na kitambulisho, akalinganisha jina kwa jina na sura kwa sura. Muuguzi alianza kununa, akamwuliza kama anamwona mwizi. Fundi alimjibu kwamba mwizi naye huja amevaa vizuri, na kwamba akimtengenezea ufunguo kila anayedai gari ni lake, atakuwa mwizi mwenye duka.

Kisha akainama ndani ya gari, akachomeka waya wa kompyuta chini ya usukani, na huku akifanya kazi akaeleza. Chuma cha ufunguo, alisema, ni cha kugeuza kufuli tu. Wenyewe hasa ni kichwa chake cha plastiki. Humo ndani mna kichipu kama punje ya mchele, nacho kina namba yake ya siri. Ukigeuza ufunguo, gari linauliza, kichipu kinajibu. Likiijua namba, linawaka. Lisipoijua, linajizima lenyewe, hata chuma kiwe kimechongwa na malaika.

"Gari lako linajua funguo mbili," alisema, akitazama kioo cha kompyuta. "Mmoja umepotea. Wa pili uko wapi?"

"Ng'ambo, kwa mume wangu."

"Basi chagua. Ninao hapa ufunguo mpya wenye kichipu, naweza kuongeza huo tu. Lakini ule uliopotea utabaki na nguvu zake. Atakayeuokota, au aliyeuficha, ataliwasha gari siku anayotaka. Au nifute zote, tuanze upya. Nikifuta, funguo unazotaka ziendelee kufanya kazi lazima ziwe hapa, niziingize tena moja moja. Usiokuwepo hapa, gari halitaujua tena."

Muuguzi alipaza sauti makusudi, ifike hadi kwenye kamba ya nguo.

"Futa zote. Aliyeuficha abaki na chuma chake."

Aliangalia kwenye kamba kwa pembe ya jicho. Wifi alikuwa ameshika shuka lililochuruzika maji, hajalitupa kambani wala hajalirudisha kwenye beseni. Halafu akaliacha, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani upesi. Moyo wa muuguzi ukaruka kwa furaha mbaya. Nimempata, alijiambia.

Hazikupita dakika nyingi simu yake ikaita. Alikuwa mumewe, mtu ambaye saa za kazi hapigi hata kukiwa na msiba. Hakumsalimu. Alianza moja kwa moja kumwambia asikubali kufutiwa chochote, mafundi wa siku hizi wanaharibu magari ya watu kwa vikompyuta vyao, aongeze ufunguo mmoja tu, basi, yatosha.

Muuguzi alimtazama fundi aliyepiga magoti kando ya usukani.

"Nani kakwambia kuna fundi hapa?"

Upande wa pili zikasikika nyundo zikigonga vyuma, na mtu akiita kwa mbali.

"Mama anaumwa mara kwa mara," mumewe alisema mwishowe. "Usiharakishe mambo, mke wangu."

Muuguzi akaikata simu. Alipogeuka, wifi alikuwa amesimama mbele yake, kiganja wazi. Juu ya kiganja ulilala ufunguo wa gari, kichwa chake cheusi kikiwa kipya kabisa, bila alama ya kucha wala jasho. Haukuwa ule uliopotea. Ule ulikuwa umechubuka, na ulikuwa umefungwa kamba nyekundu.

"Kaka hakusafiri nao," wifi alisema. "Ninao mimi. Wa kwako sijaugusa, na sina haja nao."

"Tangu lini?"

"Aliuacha kwa rafiki yake, akaniambia nikaufuate baada ya usiku ule. Unaukumbuka? Mama pumzi zimekata, wewe uko zamu, simu umeizima. Gari limelala hapa uani, ufunguo unatembea nao mfukoni. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, nikapunga mkono kwa kila chenye magurudumu. Na asubuhi ulipotukuta wodini, wifi yangu, uliniuliza mbona nimechelewa kumleta."

Muuguzi aliukumbuka usiku ule. Aliyakumbuka pia maneno yake, aliyoyasema mbele ya wauguzi wenzake. Lakini kilichompanda kifuani hakikuwa huruma. Aliwaza lile koti la baridi. Mara ngapi alimwuliza mumewe kuhusu mfuko wa koti lile, naye akamjibu kwa kicheko, eti litakuja na zawadi? Kumbe muda wote ufunguo ulikuwa ukuta wa pili, chini ya mto wa mtu anayekula naye sahani moja, na pengine wenye damu yao wakilitumia gari lake kila akiwapa kisogo.

"Mlikuwa mnanifanya mjinga."

"Tulikuwa tunamwokoa mama."

"Mkanifanya mjinga."

Fundi alikohoa. Alisema hayo ni ya nyumbani na yeye hayamhusu, lakini mashine imefunguka na haisubiri sana. Ufunguo huo wa pili auingize au asiuingize?

"Mwanangu," ikaja sauti ya mama mkwe kutoka dirishani, nyembamba, ya mtu anayehesabu pumzi. "Hata kwa ajili yangu?"

Muuguzi hakugeuza shingo. Alijua akimwangalia atalegea.

"Usiuingize," alimwambia fundi.

Fundi alitazama tena jina kwenye kadi, kama mtu anayetaka kuhakikisha kosa si lake, akabonyeza. Kisha akauingiza ule mpya, gari likawaka na kutulia vizuri. Akamwomba wifi ufunguo wake ili ajaribu. Gari lilinguruma, likakohoa, likazima, na ile taa nyekundu ikaanza kukonyeza.

"Mlango utafunguka," alisema, akimrudishia. "Kuwaka, haliwaki."

Wifi aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga. Muuguzi akaingia garini na kurudi nyuma kwa kasi, nusura auguse ukuta.

Hospitalini alifika zamu imekwisha kuchanganya. Alikuwa bado anafunga vifungo vya sare alipofuatwa na mama wa dobi, anayefua makoti na mashuka ya wodi. Alikuwa anatabasamu.

"Dada, koti lako la zamu iliyopita karibu linivunjie mashine," alisema, akamwekea mkononi ufunguo wenye kamba nyekundu.

Muuguzi alimshukuru, akaenda kusimama kwenye stoo ya dawa, mahali pekee penye mlango. Alikumbuka sasa. Usiku ule alikuwa ameushindilia mfukoni mwa koti kwa sababu mkoba huachwa ovyo chumba cha mapumziko, na kulipokucha akalitupa koti kwenye kapu la nguo chafu bila kulipapasa. Asingekuwa na hofu ya kuuacha nyumbani, usingefika dobini. Kwanza alifikiria kuutumbukiza kwenye ndoo ya sindano zilizotumika, ambako hakuna atiaye mkono, na habari iishe. Nani angejua? Ulikuwa umekwisha kufa. Hata gari halikuujua. Aliushika juu ya ndoo, akabaki hivyo, mpaka mgonjwa mmoja akaita naye akaurudisha mfukoni. Mchana kutwa alirudia vipimo mara mbilimbili, asiamini alichokiandika.

Njiani kurudi nyumbani alipanga maneno. Aliyapanga yakiwa mafupi, yasiyo na magoti. Niliupata. Hukuuchukua. Yatosha.

Alikuta teksi imeegeshwa mlangoni. Cherehani imefungwa kamba juu yake, na mabegi yamejaa nyuma. Mama mkwe alikuwa amekwisha kaa ndani, kigoda chake kimewekwa chini ya miguu. Wifi alikuwa anafunga mlango wa nyumba kwa nje, akageuka na kuuweka ufunguo wa nyumba kwenye kizingiti, kama anayemwachia mtu aliyekufa.

"Mnakwenda wapi?" muuguzi aliuliza.

"Kwa dada wa mama. Kuna vyumba."

"Ufunguo niliupata. Ulikuwa kazini, kwenye koti." Yale mengine aliyoyapanga yakamkwama. "Hukuuchukua."

"Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa," wifi alisema. "Nilikuwepo."

Muuguzi alisema teremsheni mizigo, atawapeleka yeye asubuhi, mama hawezi kubanwa kwenye teksi ile umbali wote huo. Akasema fundi anaweza kuitwa tena kesho, ufunguo wake ukaingizwa, ni kazi ya dakika chache.

"Gari lako halinijui, wifi. Liache hivyohivyo."

Akapita. Muuguzi alikwenda dirishani mwa teksi, akainama. Mama mkwe aliuacha mkono wake ushikwe, lakini macho aliyaelekeza mbele, kwenye kisogo cha dereva. Muuguzi aliiona miguu yake, na bila kutaka akaibonyeza kwa kidole gumba, kama afanyavyo wodini. Shimo lilibaki.

"Dawa zake umechukua zote?" aliuliza.

Wifi alikuwa tayari ameketi. Alisita. "Zile za kwenye kabati la jikoni."

"Na za kwenye friji?"

Wifi alitazama nyumba. Muuguzi aliokota ufunguo kizingitini, akafungua nyumba, akarudi na mfuko. Alisimama kando ya mlango wa teksi, akaanza kueleza: hii nyeupe asubuhi kabla ya kula, hii ya kupunguza maji asimpe jioni, mama hatalala kwa kwenda chooni, hii ya friji isikae juani hata kidogo, na akianza kuhema akiwa amelala chali, asingoje kuche.

Wifi alisikiliza akitazama mapaja yake. Kisha akayarudia maelezo yote, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyo na joto, na alipokosea kwenye ile ya kupunguza maji muuguzi akamsahihisha, naye akarudia tena. Dereva akawasha.

Teksi ilipopotea kwenye kona, muuguzi aliingia ndani na kumpigia mumewe kabla yeye hajapiga. Alimwambia mama yake na dada yake wameondoka. Mumewe alifoka, akataka kujua ni nani aliyewafukuza.

"Mimi na wewe," alisema, akaikata simu, akakaa kwenye kiti cha dirishani akiwa bado na viatu.