Dakika Tano za Kimya

Saa tano asubuhi programu ya kutuma nakala rudufu mtandaoni ilikata tena. Asilimia arobaini na moja, halafu maandishi mekundu: muda wa kusubiri umekwisha. Mara ya sita hiyo. Niliipiga meza ngumi, chai ikamwagika.

Diski ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Ndani yake mlikuwa na vipindi vyote alivyotangaza baba hapa redioni, kabla kiharusi hakijamfunga ulimi. Nakala nyingine hakuna. Diski ikifa, sauti yake imekwenda.

"Achana nayo," mkuu wa kituo alisema akichungulia mlangoni. "Ya kale dhahabu, lakini hayaleti matangazo."

"Huyo mzee ndiye aliyekuachia hicho kiti!" nilimfokea. Akajiondokea.

Nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi ya mtandao. Nikampigia fundi wa kampuni ya mtandao, nikabwata hadi akaniuliza kama nimekunywa chai. Bado ikakata palepale, kwenye faili lilelile: siku ya mafuriko, baba alipotangaza saa sita mfululizo bila kuinuka kitini.

Simu ikalia. Baba.

"Haloo? Baba? Haloo!"

Kimya. Nikakata. Mtandao mbovu huku, mtandao mbovu kule!

Ikalia tena. Sasa alikuwa dada yangu, anayemuuguza.

"Kwa nini unamkatia Baba?"

"Mtandao huo, dada. Hasikiki."

"Mtandao gani? Nimekaa naye hapa! Anatafuta maneno, na wewe hata dakika humpi, ushakata. Kila siku! Una moyo gani, mdogo wangu?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta. Programu ile, kabla ya kutuma faili, hulikagua lote kwanza, na wakati huo haitumi kitu. Faili kubwa namna ile halikaguliwi upesi. Basi haikuwa imekufa. Kuna mtu tu alikuwa hana subira nayo.

Nikafungua mipangilio ya kile kisanduku kinacholinda mtandao wa ofisi. Amri ilikuwa pale: muunganisho ukikaa kimya dakika tano, ukatwe. Aliyeiweka ni mimi. Mwezi uliopita, nilipochoshwa na watangazaji wanaoacha simu zao zimeng'ang'ania mtandao wetu. Asubuhi nzima nimetukana watu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Zile dakika tano nikazifanya muda wa saa mbili, nikaanza upya. Kwenye arobaini na moja ikasimama. Dakika sita. Tisa. Kumi na mbili, diski inakwaruza. Halafu arobaini na mbili.

Nikampigia baba. Akapokea, kimya. Hasira ilikuwa bado imenijaa, ila sasa nilijua namkasirikia nani. Sikusema haloo. Nilisikiliza anavyohema, namba zikipanda: arobaini na tatu, arobaini na nne.

"Ume..." baba akasema. Nikangoja. "Umekula?"