Baragumu la Mama Tuttle

Kila Agosti, ukoo wa Tuttle ulipokusanyika shambani kule Iowa, mzee Asaheli alishinda upya, kwa masimulizi, vile vita vya zamani vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini. Alipanda farasi, akachomoa upanga wake wenye kutu, na kabla kuku hawajaiva alikuwa ameshawatimua waasi wa Kusini wote. Hadithi hiyo watoto waliijua kuliko Baba Yetu.

Kezia, dada yake mdogo, mjane mwenye ulimi, aliisikiliza kila mwaka huku anamenya viazi na kujiuma mdomo asicheke. Mwaka huu kicheko hakikuwapo. Drusila, mjukuu ambaye mzee alimlea tangu wazazi wake wafariki, alikuwa ameposwa na Elam, mfuga nguruwe wa dhehebu la Marafiki, wale wasioshika bunduki hata uwatukanie mama zao. Mzee alikuwa amekataa katakata.

"Ukoo huu hauingii mwoga!" alisema asubuhi ile mbele ya kadamnasi. "Mimi niliziendea bunduki peke yangu. Huyu anaogopa hata nyuki."

"Nyuki anauma, mzee," Elam akajibu kwa upole. Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo alipozidi kujiharibia.

Drusila akaingia jikoni macho yamemwiva. "Bibi Kezia, kesho Elam anahamia Kansas kwa kaka yake. Babu asipokubali leo, ndiyo basi tena."

"Si mtoroke tu?"

"Nimtoroke babu? Aliyenisuka nywele kwa mikono yake nikiwa mdogo? Siwezi, bibi."

Kezia akafuta mikono kwenye aproni. "Haya, usinimwagie machozi kwenye unga. Nipe baragumu hilo."

Lilikuwa baragumu la bati, la marehemu mama yao, la kuwaita watu wa shambani waje kula mchana. Enzi za usichana wake Kezia ndiye aliyelipuliza, na kwa utundu wake akamzoesha mtoto wa farasi aitwaye Askofu: akisikia tu, anatimka kuifuata sauti, anakuta mahindi. Halafu Asaheli akaenda vitani na Askofu huyohuyo. Aliporudi na sifa zake, Kezia alitega sikio vizuri. Alisimulia kwamba ilikuwa adhuhuri, tarumbeta ya adui ikalia ng'ambo ya kijito, "na hakuna ambaye angeweza kunizuia!" Kezia akamkumbuka Askofu na mahindi yake, akaenda nyuma ya banda, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakumwambia mtu. Lakini hadithi ya kuchekesha ni kitu kimoja, na kumvunjia mtoto uchumba kwa hadithi hiyo ni kitu kingine kabisa, jamani!

Askofu alishakufa zamani. Siku hizi mzee alipanda Shemasi, mjukuu wa Askofu, farasi mnene ambaye hajafikia daraja la babu yake ila kwa ulafi tu. Naye alikula kwa baragumu lilelile.

"Adhuhuri!" mzee akanguruma kule uani, amempanda Shemasi, upanga juu. "Tarumbeta ya adui ikalia ng'ambo..."

Kezia akasimama mlangoni pa jikoni, ndoo ya mahindi miguuni pake, akavuta pumzi na kupuliza.

Shemasi akasimamisha masikio, akaondoka. Alilivuka benchi la akina shangazi, akapita katikati ya pai za tufaha bila kuomba radhi. Upanga ulidondoka mapema. Mzee akaikumbatia shingo ya farasi kwa mikono miwili akipiga kelele, "Simama, mshenzi we! Simama! Mama yangu wee!" Farasi akafika, akazamisha kichwa ndooni, na mzee akabaki ananing'inia ubavuni, ndevu zimejaa pai. Elam akaja mbio, akamshika mguu asianguke.

Kezia akainama sikioni kwa kaka yake. "Nani alimfundisha Askofu, kaka?"

Mzee akamkodolea macho. "Ulijua?"

"Tangu siku uliporudi."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Ulikuwa umerudi mzima. Ungesema umeruka mwezi ningekubali."

Mzee alitazama meza zilizopinduka, akamtazama Drusila aliyekuwa amejishika mdomo, kisha akamgeukia kijana aliyemshika mguu.

"Wewe," akasema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Farasi akikukimbiza hivi, unaweza kukaa?"

"Hapana, mzee. Mimi huanguka mapema."

"Una bahati. Siku ile ya vita nilijaribu kuanguka njia nzima, nikashindwa. Nililia kama mtoto." Akafuta pai ndevuni. "Drusila, mwekee mchumba wako kiti karibu na changu. Na hilo baragumu mlifiche kwanza mpaka nishuke."