Kompyuta za Mtani Wangu

Sisi Wabemba na Wangoni ni watani. Zamani tulipigana, kisha tukachoka, na vita iliyobaki tukaamua kuipigana kwa mdomo tu. Mngoni akiniita mla nyani, nacheka. Nikimwita mla panya, anacheka. Hata msibani, wenyewe tukilia, mtani anaweza kujilaza kaburini akadai apewe chochote ndipo maiti ashushwe, na hakuna wa kumkasirikia. Ndiyo maana Diwani Jere, Mngoni, alipotuambia mchana kweupe kwamba atatuibia, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku hiyo alikuja na habari njema katika ukumbi wa mtaa wetu wa Kansunsu. Ukumbi huo ulijengwa na mgodi, enzi mgodi ulipokuwa na haya, na mgodi ulipofungwa tukaurithi sisi vijana tusio na kazi. Chola na wenzake walikuwa wakitengeneza humo milango na vitanda. Mimi nilimaliza darasa la kumi na mbili kwa alama nzuri ambazo hazikunipeleka popote, nikawa nauza maandazi pale mlangoni. Vijana walinichagua mwenyekiti wao kwa sababu nina mdomo.

"Halmashauri imetenga fungu," Jere akasema. "Kompyuta, intaneti, na mwalimu wa kuwafundisha bure. Mlikosa chuo, basi chuo kinawafuata huku huku. Ila nautaka ukumbi mtupu. Vumbi la mbao na kompyuta haviishi nyumba moja."

Chola aliweka randa chini. "Na sisi mafundi twende wapi, mheshimiwa?"

"Nyie ndio wanafunzi wenyewe! Utachora kabati kwenye kioo kabla hujagusa ubao. Mtu aliye Lusaka analiona, anaagiza." Kisha akanigeukia. "We mla nyani, waambie wenzako. Ufunguo nabaki nao mimi, maana Mbemba akiachiwa kompyuta ataikaanga na karanga."

"Na Mngoni akiachiwa ufunguo?" nikamuuliza.

"Mimi? Nitaziiba zote! Nyie si watumwa wangu? Cha mtumwa ni cha bwana wake."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wapo waliopiga makofi. Chola alinivuta pembeni.

"Kasuba, tukitoka humu haturudi. Unamwamini huyu?"

"We naye! Angekuwa mwizi angesema?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na kwetu yeyote angejibu vile vile. Mtani husema maneno mabaya ili yasitendeke.

Mafundi wakahamishia benchi zao kando ya barabara, juani. Sisi wengine tukapaka kuta chokaa na kuziba madirisha. Kompyuta zilipofika, wapiga picha walikuja, Jere akakata utepe, na mimi nikaandika nyuma ya kila moja herufi K ya Kansunsu kwa rangi yangu nyekundu ya kucha. Mwalimu alikuwa kijana mpole. Kwa wiki mbili nilikuwa mwanafunzi, na sijui kama niliwahi kuwa na furaha ile. Chola alichora mlango, akaugeuza upande huu na upande ule kwenye kioo, akawa anacheka peke yake. Mimi nilishaanza kujiona nimekaa ofisini kwangu, nawachorea watu matangazo ya maduka yao. Maandazi niliyaacha kabisa.

Kisha tukakuta ukumbi una kufuli jipya. Jere alisema anabadilisha nyaya. Baadaye akasema mwalimu anaumwa. Mvua zikaanza, mbao za akina Chola zikalowa na kupinda kando ya barabara, na kila nilipokwenda kuuliza, Jere alinipokea kwa mikono miwili.

"Kompyuta? Si nimeshaziuza! Nimenunulia panya wa kukausha. Nikubakizie mkia?"

Nami nilicheka. Nilicheka, nikarudi kuwaambia wenzangu wavumilie. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Ikatokea Chola akaitwa kupachika milango upande wa pili wa mji, kwenye shule ya kulipia ambayo mke wa Jere ameifungua. Jioni yake alikuja nyumbani kwetu, akakataa kiti.

"Nimeziona," akasema.

"Umeona nini?"

"K zako nyekundu. Watoto wa soksi nyeupe wanachezea michezo."

"Labda wameazimwa tu, Chola. Labda..."

"Kasuba, we acha. Jere sikumwamini hata siku moja. Nilikuamini wewe."

Akaondoka bila hata kunywa maji. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niitupe wapi, maana mtani hakasirikiwi.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kata kwenye uwanja wa shule. Jere alikuwa mbele, ndani ya suti, na aliponiona nimesimama akafurahi kweli kweli.

"Karibu, mla nyani! Leo umekuja kunifulia soksi?"

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Mheshimiwa Diwani," nikasema, "kompyuta za vijana ziko shuleni kwa mkeo. Chola ameziona. Zinarudi lini?"

Jere aliwageukia watu. "Jamani, si niliwaambia? Si nilisema mbele yenu nitaziiba? Mngoni akiahidi, anatimiza!"

Wakacheka tena. Ni watu wangu hao. Waliopaka zile kuta pamoja nami nao walikuwa wakifuta machozi ya kicheko.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Wewe ni mwizi, na sikutanii!"

Minong'ono ikaanza, na yote ilikuwa juu yangu. "Huyu binti kafunzwa na nani?" "Anamtukana mtani?" Mwenyekiti wa mkutano, mzee tunayemwita kwa heshima Ba Musonda, Mbemba mwenzangu na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akasimama na uso wa aibu.

"Mwanangu, umetuvunjia heshima," akasema. "Anayemkasirikia mtani hutoa kuku. Katoe kuku, yaishe."

"Na awe mnono!" Jere akadakia.

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa ameshasikia, maana kwetu habari hutangulia mtu. Alimkamata kuku wake wa mayai, akamfunga miguu, akanipa.

Niliporudi walikuwa wanazungumzia mitaro. Nilipita katikati ya watu, nikamweka kuku mapajani mwa Jere. Kuku akapiga mabawa, manyoya yakabaki kwenye ile suti.

"Nimetoa," nikasema. "Utani wetu umeishia hapa. Sasa nakuuliza kama mtu baki, na wewe unijibu kama mtu baki. Kompyuta zetu ziko wapi?"

Jere alifungua mdomo kwa tabasamu lile lile. Akamtazama Ba Musonda, na Ba Musonda akawa anakagua viatu vyake. Akawatazama watu. Safari hii hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Jibu, mheshimiwa," sauti ya Chola ikatoka nyuma.

"Jibu," akasema mwanamke mmoja ambaye hata simjui.

Jere alitazama saa yake. Akasema ana kikao kingine mjini na suala letu litashughulikiwa. Akainuka, akapita kati yetu haraka bila kumsalimu mtu, akaingia kwenye gari akafunga mlango. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kuku wa mama yangu ameondoka naye.