Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Thani bin Sleiman hakuwa na digrii, hakuwa na mashine ya chapa ya kwake, hakuwa na rafiki aliyewahi kutoa hata shairi gazetini, na subira ndiyo hakuumbiwa kabisa. Kiingereza alikipata kwa masomo ya usiku, baada ya kutwa nzima ya kazi bandarini Mutrah, na alikijivunia kama wengine wanavyojivunia majambia ya babu zao. Mwaka 1998, akiwa mstaafu, aliandika hadithi ya ajabu kwa Kiingereza hicho, akaipeleka kwa wachapishaji wadogo wa Ireland, mume na mke, waliotangaza kuwa wanatafuta hadithi za namna hiyo.

Katika hadithi, marehemu anarudi msibani kwake, anakaa mwisho wa safu, anapewa kahawa. Anakunywa, ananyoosha kikombe. Mwenyeji anamimina. Ananyoosha tena, anamiminiwa tena, mpaka kahawa inamvuja nyayoni, inalowesha mikeka, inatoka mlangoni, na mwenyeji bado anamimina.

Jibu likaja: "Tumeipenda. Lakini kwa nini mwenyeji haachi kumimina? Ukilitengeneza hilo kabla ya mwisho wa mwezi, tutaichapa."

"Aache vipi?" Thani alifoka, akiizunguka sebule. "Watu hawa wamelelewa wapi?"

"Ireland," alijibu mkewe, Mwanamize, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

Siku zile hakukalika naye. Alimfanya mwenyeji kichaa, akafuta. Akamtia uchawi, akafuta, akaona aibu hata kuufikiria. Akaenda kwenye maduka ya magari Wattaya kutazama magari asiyoyataka, akarudi nyumbani Hail na hasira zake zile zile. Mwezi ulikuwa unakwisha.

Alasiri moja Mwanamize akaleta dele la kahawa. Thani akanywa huku macho yako dirishani, akanyoosha mkono, akamiminiwa. Akanyoosha, akamiminiwa. Mwishowe akaruka.

"We Mama Humaid, basi! Unataka moyo unipasuke?"

"Basi ipi? Umetikisa kikombe wewe, nijue umetosheka? Mimi nnaona mkono tu unakuja."

"Nnafikiri hapa!"

"Fikiri, lakini tikisa. Au ushakuwa mtu wa Ireland?"

Thani akabaki na kikombe hewani.

"Hawajui," alisema. "Wallahi hawajui. Wanadhani mwenyeji ana hiari!"

"Basi waeleze, tupumzike sote."

"Nikieleza, hofu yote imekwisha. Hii hadithi, si tangazo la idara ya afya."

"Mwanao Humaid ulimweleza lini? Ulimkalisha barazani akatazama wakubwa, akajua."

Thani alikwisha kaa mezani. Mwanzoni mwa hadithi akaongeza wageni wawili. Wa kwanza anakunywa, anatikisa kikombe, dele linampita. Wa pili anatikisa, linampita. Kisha zamu ya marehemu. Hapakuwa na neno jingine.

Na barua fupi: "Bibi na Bwana, mwenyeji haachi kwa sababu hawezi. Watazameni wageni wawili wa mwanzo. Mwisho sikuugusa, wala sitaugusa."

"Utawaudhi," Mwanamize alisema aliposomewa. "Wakiitupa je?"

"Waitupe wakiwa wameielewa."

Akaibandika bahasha, akaikandamiza kwa ngumi, akaenda nayo posta mwenyewe. Karani aliponyoosha mkono, Thani aliishikilia kidogo, kisha akaiachia.


"Mfuko wa barua unaondoka saa ngapi?" akauliza, karani akiitumbukiza bahasha ndani yake.