Ukili wa Kwapani

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ukili. Hapa Cat Island, kisiwa cha Bahamas, tunasuka ukili wa kofia huku sehemu iliyokwisha kusukwa tumeikunja na kuibana kwapa la kushoto. Dada yangu Rosanell akaanza kuuweka mapajani.

Mama mkubwa Mizpah naye aliona. Baadaye akaniambia kwamba marehemu mama, mwaka wake wa mwisho, alisuka hivyohivyo.

Rosanell alikwenda hospitali Nassau, akarudi na titi moja. Nesi alimwambia ugonjwa huu uko kwenye damu yetu, mama anaweza kumrithisha binti, kwa hiyo na mimi nikapimwe.

Mama mkubwa akacheka. "Huyu Ivamae? Huyu tulimpitisha juu ya jeneza. Mimi ndiye niliyempokea upande wa pili. Marehemu hana njia ya kumfuata."

Ni kweli. Mama alikufa sijaanza kutambaa, wakanipitisha juu ya jeneza lake ili asinirudie. Rosanell alikuwa msichana mkubwa, hakupitishwa. Yeye ndiye aliyenilea.

"Na damu nayo mliipitisha, mama mkubwa?" Rosanell akauliza.

Akaambiwa hospitali imemfundisha ujeuri.

Nilitaka sana kumwamini mama mkubwa. Lakini tangu siku ile, kila nikibana ukili nahisi vidole baridi kwapani, vinapapasa taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea kitandani. Jana, mchana kweupe, nikatazama chini. Ukili wangu ulikuwa mapajani. Sikumbuki nikiuweka pale.

Rosanell aliuona. Akasogeza kiti, akachukua mkono wangu akauweka kwenye kovu lake, juu ya gauni. Palikuwa na joto.

"Kesho kuna meli," akasema. "Nimekushikia nafasi. Ukikataa sitakulazimisha, mdogo wangu. Ila sitaki nikuangalie ukisuka hivyo."

Leo mama mkubwa amekataa kutuaga. Tumesimama gatini, meli inapakia, na Rosanell amenishika mkono, ananingoja. Mdomo wangu umekuwa mzito tangu utoto, lakini sasa naufungua.

Dada, walinipitisha juu ya mtu nisiyemjua. Mama ninayemjua ni wewe. Naogopa, lakini nataka kujua. Usiniachie mkono.