Mtani Aliyelala Kaburini

Msinipe pole kwanza, bado nina hasira. Mume wangu Jastin aliumwa mwaka mzima, na mtaa wetu mzima wa Mafiga ukawa unacheka.

Jastin ni Mnyamwezi, mwalimu, mpole kupita kiasi. Mimi Paskalia ni Mluguru, kwa hiyo ukoo wangu wote ni watani wake. Lakini zamani nikimtania mbele ya mama yake, alikuwa anasubiri mama atoke ndipo anijibu, tena kwa kunong'ona.

Sasa siku tunamzika mjomba wangu, Jastin akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Ndugu zangu walicheka mpaka machozi, maana mtani ana ruhusa hiyo msibani. Akapewa jogoo. Tangu hapo akawa hakosi msiba wowote, kuanzia Mazimbu hadi huko milimani kwetu. Akavaa koti la marehemu, akabeba sufuria ya pilau ikiwa bado inachemka. Nyumbani akakojolea ndoo yangu ya maharage. Nikamwambia kaka yangu Gervas kwamba huyu mtu si mzima. Akanijibu kwamba nimezidi kununa, nimwache mtani afanye kazi yake.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tabora. Jastin akampokea kwa kumvua kilemba, akamwita kizee kichawi, akacheka peke yake. Uani hakuna aliyecheka. Mama mzazi hataniwi hivyo, na hata Gervas aliweka kikombe chini. Mama mkwe akasema, "Mwanangu anaumwa."

Daktari alituonyesha picha: uvimbe kama yai, mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Akasema sehemu hiyo ndiyo inayomwambia mtu ngoja kwanza. Gervas akauliza kama wale kuku warudishwe.

Alipasuliwa Dar. Mimi niliogopa asije akafa, na niliogopa zaidi nisije nikarudishiwa mtu mwingine. Alipoweza kukaa, mama yake akiwa pembeni, nikamwambia, "Mnyamwezi wewe, kichwa kimebaki kama papai."

Akamtazama mama yake. Mama akainuka kwenda kutafuta maji ya moto, na mlango ulipofungwa Jastin akaninong'oneza, "Na wewe Mluguru, umewezaje kutembea huku tambarare bila kuanguka?"

Nililia mpaka nesi akadhani nimefiwa.